Kikuyu, ukoka, Pemba au paspalamu: nyasi zipi upande nyumbani masika haya, na kila moja itakudai kazi gani

Kikuyu iliyopandwa Limuru, kwenye nyanda za juu za Kenya, na Kikuyu iliyopandwa Mbezi Beach, pwani ya Dar es Salaam, huenda zilitoka gunia moja, lakini baada ya mwaka hutaamini kuwa ni mmea mmoja. Ile ya Limuru imeshavuka ukingo, imeingia kwenye maua na inachungulia katikati ya matofali ya njia. Ile ya Mbezi ina mabaka ya udongo mtupu, na penye kijani ukiinama vizuri unakuta ni ndago. Mwenye nyumba mmoja analalamika kwamba nyasi zinakua kupita kiasi, mwenzake kwamba hazikui kabisa, na wote wawili wanaongeza mbolea au kubadilisha mtunza bustani, ilhali kosa lilifanyika siku ya kununua.

Hapa tunalinganisha nyasi nne zinazopatikana kwa magunia au kwa vipande vya kukunjwa kama mkeka, kuanzia Machi masika yanapoingia. Kwenye maeneo yenye msimu mmoja wa mvua, kama Dodoma, Iringa na Mbeya, kazi zilezile huanza Desemba.

Kwanza, ujue unauziwa nini

Majina ya sokoni hayaaminiki. "Paspalamu" hubeba nyasi zaidi ya moja, na "Pemba" ni jina linalopewa karibu nyasi yoyote ya jani pana. Kabla ya kulipa, omba kipande kimoja na ukichunguze mkononi.

Kikuyu (Cenchrus clandestinus, ingawa vitabu vya zamani vinaandika Pennisetum clandestinum) ina jani la kijani kilichopauka lenye vinyweleo laini, na mashina manene yanayotambaa juu na chini ya udongo. Ua lake limejificha ndani ya ala ya jani. Kinachoonekana ni nyuzi nyeupe tu, zinazotokeza asubuhi juu ya nyasi zilizokatwa fupi kama utando wa pamba.

Pemba (Stenotaphrum dimidiatum) ina shina bapa, jani pana lisilo na vinyweleo, na ncha butu iliyokunjika kama omo la mtumbwi. Suke lake ni nene na bapa, si la vidole.

Ukoka (Cynodon dactylon) una jani jembamba na shina gumu kama uzi wa kushonea magunia. Suke lake ni vidole 3 hadi 6 vinavyotoka mahali pamoja, kama kiganja kilichofunguliwa. Hapa ndipo watu huuziwa sangari, gugu linalowatesa wakulima wa kahawa na chai. Vidole vya sangari havitoki mahali pamoja, vimepangika kwenye kijiti kimoja, na mashina yake meupe ya chini ya ardhi yakishaingia uani utayachimba miaka.

Paspalamu ya pwani (Paspalum vaginatum) ina jani linalong'aa, na suke lake ni matawi mawili tu yenye umbo la V. Ukiona V hiyo imesimama juu ya kikonyo kirefu, na mashina yaliyolala ni manene yenye vifundo vilivyobanana, hiyo ni paspalamu nyingine (Paspalum notatum). Si mbaya kwa mteremko, lakini haivumilii chumvi, na kila baada ya siku chache wakati wa mvua itakuinulia vijiti virefu vya mbegu.

Zikiwekwa pamoja

| | Kikuyu | Ukoka | Pemba | Paspalamu ya pwani |
|---|---|---|---|---|
| Mahali pake | Nyanda za juu, mita 1,500 na zaidi | Pwani hadi Nairobi | Pwani. Bara hukua polepole | Pwani na nyanda za chini |
| Saa za jua kwa siku | 5–6 | 7–8 | 3–4 | 6 au zaidi |
| Kimo cha kukata | sm 4–5 | sm 2.5–4 | sm 5–7 | sm 2–4 |
| Kukata wakati wa mvua | kila siku 5–7 | kila siku 5–7 | kila siku 10–14 | kila siku 7 |
| Maji ya chumvi | wastani | vizuri | vizuri | vizuri kuliko zote |
| Kukanyagwa | vizuri | vizuri sana | hafifu | vizuri |
| Muda wa kufunika udongo | wiki 6–8 | wiki 6–10 | wiki 12–16 | wiki 8–12 |

Muda wa kufunika ni kwa pingili (vipande vya shina) zilizopandwa kila sm 15 na mvua ikawa nzuri. Mvua ikikatika katikati na hukumwagilia, zidisha.

Mstari wa kwanza wa jedwali ndio wenye uamuzi mkubwa. Mingine hukusaidia kuchagua kati ya nyasi mbili au tatu zilizobaki baada ya mwinuko kuziondoa zile nyingine.

Nyanda za juu: Kikuyu au ukoka?

Nairobi, Nakuru, Eldoret, Njombe: Kikuyu iko kwao. Asili yake ni nyanda za juu za Afrika Mashariki, na hustawi hasa kwenye joto la nyuzi 16 hadi 21. Hushika mteremko kuliko nyasi yoyote kati ya hizi, hujiponya haraka watoto wakichezea mpira, na kiangazi ikikauka hadi kuwa rangi ya majani makavu, mvua mbili tatu huirudisha. Mwenye ng'ombe anapata na malisho. Ila usimlishe nyasi zilizolimbikwa zikapata moto, wala zilizopuliziwa dawa, wala zilizotoka kuliwa na viwavijeshi. Kuna sumu inayojulikana kuwapata ng'ombe waliolishwa Kikuyu iliyoshambuliwa na viwavi, na haina mzaha.

Ubaya wake ni huohuo uzuri wake: haijui kusimama. Nchini Marekani imeorodheshwa katika sheria ya serikali kuu kama gugu hatari, kwa hiyo aliye huko asijaribu kubebewa pingili kutoka nyumbani. Hata hivyo klabu ya gofu ya Riviera, Los Angeles, iliamua kuishi nayo na ndiyo iliyotanda kwenye njia zake za kuchezea. Kwako nyumbani, dawa ni kingo. Chimba mfereji wa sm 15 kuzunguka vitanda vya maua na uuache wazi, au zika matofali yaliyosimamishwa wima yafike sm 20 chini. Bila hivyo, waridi utalifukua kila baada ya mwezi.

Ukoka kwenye nyanda za juu una maana kwa wenye jua la kutwa na wanaotaka uwanja mfupi na laini. Unavumilia ukame kuliko Kikuyu, lakini kwenye baridi ya Julai ya Limuru au Njombe huduwaa, na magugu huchukua nafasi. Chini ya mti usiupande kabisa. Wenye mafua ya vumbi na chavua wajue pia kwamba chavua yake ni mojawapo ya zile zinazowasumbua. Ukiukata kabla ya kutoa suke, tatizo linapungua sana.

Panapo shaka, kwa nyumba ya kawaida juu ya mita 1,500, tunachagua Kikuyu. Chini ya hapo, tuseme Moshi mjini au Morogoro, ukoka unaanza kushinda.

Pwani: Pemba, paspalamu au ukoka?

Pwani maswali ni mawili: kivuli na maji.

Kama ua una miembe, minazi au ukuta mrefu unaoziba jua nusu ya siku, hakuna mjadala, panda Pemba. Ni mmea wa fukwe za Bahari ya Hindi, joto na unyevunyevu wa usiku haviusumbui. Kwenye kivuli jani lake hurefuka na kupanuka zaidi badala ya kunyauka. Lakini hata Pemba ina kikomo. Chini ya mwembe mzee ambapo saa sita mchana huoni hata doa la jua, weka kokoto au mimea ya majani ya kivuli, usipoteze gunia. Na Pemba si ya mpira. Njia inayopitwa kila siku kutoka getini hadi mlangoni itabaki udongo, kwa hiyo weka mawe ya kukanyagia tangu mwanzo.

Kama ua uko wazi, chunguza kisima. Visima vingi vya Dar es Salaam na Mombasa vilivyo karibu na bahari vina maji ya chumvichumvi, na kiangazi ndiyo hayo utakayomwagilia. Maji yakiwa ya kuonjeka chumvi, chagua paspalamu. Hata hivyo isimwagiliwe kidogokidogo kila jioni, maana maji hukauka juu na kuacha chumvi palepale penye mizizi. Mwagilia kwa wingi mara mbili kwa wiki ili maji yaisukume chumvi chini, kisha masika yatamalizia kuusafisha udongo.

Kama maji ni baridi, yaani ya bomba au kisima kisicho na chumvi, tungechukua ukoka kuliko paspalamu, kwa sababu moja isiyosemwa na wauzaji: kisu. Paspalamu ikikatwa na kisu butu jani huchanika nyuzinyuzi, ncha hugeuka kahawia, na baada ya siku mbili ua mzima unaonekana kama umeungua. Unahitaji kisu kinolewe kila baada ya kukata mara nne au tano. Kwa fyekeo haikatiki vizuri kabisa. Ukoka nao unapendeza zaidi kwa mashine ya visu vya kuzunguka kama pipa, lakini husamehe. Pemba na Kikuyu hukatwa kwa mashine ya kawaida, na hata fyekeo likishikwa na mtu mwenye mkono mzuri kazi inakwenda.

Maji yenyewe uyahesabu kabla hujapanda. Kiangazi uwanja unahitaji takribani milimita 25 kwa wiki, yaani lita 25 kwa kila mita ya mraba. Kwa ua wa mita za mraba 100 ni lita 2,500, sawa na ndoo 125 za lita 20, kila wiki. Anayenunua maji kwa boza afanye hesabu hiyo kwanza, na pengine apande nusu ya eneo. Kupima ni rahisi: weka makopo yaliyonyooka pembeni sehemu tatu, mwagilia, kisha chomeka rula.

Kupanda masika

Ngojea mvua iloweshe udongo hadi sm 10–15, si ile manyunyu ya kwanza. Kwa Dar es Salaam lenga nusu ya pili ya Machi. Aprili ndio mwezi wenye mvua nyingi zaidi, na pingili ambazo hazijashika hubebwa na maji hadi kwa jirani.

Lima sm 15, toa mizizi ya magugu kwa mkono, changanya toroli mbili za mboji iliyoiva kwa kila mita za mraba 10, sawazisha na ukanyage. Katakata mashina kuwa pingili zenye macho mawili au matatu. Fukia jicho moja sm 3–4, jingine libaki juu na majani yake.

Nafasi ndiyo inayoamua gharama. Kwa sm 15 kwa 15 unahitaji pingili 44 kwa mita ya mraba, kwa sm 20 ni 25, kwa sm 30 ni 11 tu. Kwa Kikuyu na ukoka sm 20 inatosha. Kwa Pemba usipite sm 15, kwa kuwa hufunika polepole na kila wiki ya udongo wazi ni wiki ya magugu. Ukoka peke yake ndio tungekubali upandwe kwa mbegu, gramu 5 hadi 10 kwa mita ya mraba, zikifukiwa kwa reki nusu sentimita tu.

Kosa linaloua pingili nyingi hutokea kabla ya kupanda: gunia limekaa limefungwa usiku kucha. Ndani nyasi hupata moto na macho huiva. Tia mkono katikati ya gunia. Kama pana joto na harufu ya majani yaliyochacha, usilipokee. Panda siku ileile, na ukishindwa zitandaze kivulini uzinyunyizie maji.

Uwanja uliokwishapo: kila nyasi na kazi yake ya masika

Kikuyu na ukoka hujenga tabaka la mashina makavu juu ya udongo. Ukikanyaga mguu ukadidimia kama kwenye godoro, au ukichimba kidogo ukakuta tabaka linazidi sm 1.5, maji na mbolea haviufikii udongo. Mvua zikishashika, kata hadi sm 2, chana kwa reki ya meno ya chuma kwa pande mbili, zoa uchafu wote. Ua utakuwa kahawia kwa wiki mbili tatu, usishtuke. Kazi hiyo ukiifanya Januari wakati wa kiangazi, mashina yaliyoachwa uchi huungua na hayarudi.

Pemba usiifanyie hivyo. Ukiishusha chini ya sm 4 unaondoa majani yote na kubakiza mashina, na kuyavisha tena huchukua miezi. Yenyewe punguza theluthi ya urefu, subiri siku tano, punguza tena. Paspalamu ishushe kidogo tu na uchane kwa wepesi.

Palipokanyagwa sana, choma kwa uma wa kulimia kila sm 10, meno yaingie sm 8–10, kisha tandaza mchanga wa mto wa unene wa mm 5. Kwa mita za mraba 100 ni nusu mita ya ujazo. Mchanga wa ufukweni usiutumie: una chumvi, na vipande vya gamba vinaongeza chokaa kwenye udongo ambao tayari unayo ya kutosha.

Mbolea, kwa hesabu

Subiri nyasi zikatwe mara mbili baada ya mvua kuanza. Lengo ni gramu 3 za naitrojeni kwa mita ya mraba kila mara. Kwa ua wa mita za mraba 100, hiyo ni takribani kilo 1.15 za CAN, au kilo 1.75 za NPK 17:17:17, au gramu 650 za urea. DAP iache ya kupandia. Fosforasi yake ukiirusha juu ya nyasi zilizokwishashika haina kazi kubwa.

Ukoka hula zaidi: kila wiki nne mvua zikiendelea. Paspalamu na Pemba kila wiki sita hadi nane zinatosha. Ukizidisha, paspalamu hulainika na kuvu huingia, na Pemba huvuta wadudu. Kikuyu ya nyanda za juu mara moja mwanzoni mwa mvua na mara moja mwishoni. Kila kilo unayoongeza juu ya hapo utailipa kwa kukata.

Rusha majani yakiwa makavu, kisha mwagilia. Punje za urea zikikaa kwenye majani yenye umande zinaunguza, na siku ya mvua kubwa nusu ya fedha yako huondoka na mfereji.

Kwenye udongo wa matumbawe wa pwani utaona majani machanga ya njano yenye mistari ya kijani ingawa mbolea umeweka. Hapo kinachokosekana ni madini ya chuma, ambayo chokaa huyafunga. Yeyusha gramu 60 za salfeti ya chuma kwenye bomba la kupulizia la lita 20, pulizia mita za mraba 100 jioni, na kijani hurudi ndani ya siku chache. Epuka vigae na saruji. Madoa yake ya kutu hayatoki.

Viwavi na magugu

Viwavijeshi huja na mvua za kwanza, na wanapenda ukoka na Kikuyu. Ukiona ndege wamejaa uani asubuhi na nyasi zinapungua kutoka upande mmoja, changanya vijiko viwili vya mezani vya sabuni ya maji ya kuoshea vyombo na lita 4 za maji, mwaga juu ya mita moja ya mraba. Wakiwapo, hupanda juu ndani ya dakika 10. Dawa pulizia jioni, ndio wakati wanapokula. Pemba mara nyingi huponea.

Kwa magugu ya majani mapana, dawa ya 2,4-D inafaa kwenye ukoka na kwa kipimo kidogo kwenye Kikuyu. Kwenye Pemba usiiguse, huidhuru vibaya. Vilevile usimruhusu mtunza bustani alete bomba lililotumiwa kwa dawa hiyo bila kuoshwa. Paspalamu nayo ni dhaifu kwa dawa nyingi, kwa hiyo jaribu kwanza kwenye kona ya mita moja na usubiri wiki mbili.

Ndago haifi kwa 2,4-D. Dawa ya halosalfuroni huiua bila kuharibu ukoka wala Kikuyu, ila hurudiwa baada ya wiki sita hadi kumi. Ukiing'oa kwa mkono, usivute majani. Chini kuna vifundo vilivyounganishwa kwa nyuzi, na ukivuta uzi hukatika, kila kifundo kilichobaki kikachipua peke yake. Chomeka kisu kirefu sm 15 kando ya shina, inua bonge zima la udongo likiwa limelowa, ulipepetee kwenye karai.